Valvu Zinazoungua Jumamosi

Vijana, karibuni, lakini mkiingia hapa kwangu Kibomet na hizo amplifaya za valvu mmezifunga blanketi kama mtoto mchanga, wekeni chini polepole mniache niseme kwanza. Maana nyinyi mnapenda kuanza. Hata chai hamjapewa, tayari mmeanza: mzee, inakoroma, nimebadilisha waya za spika, nimeweka shaba nzito, bado inakoroma. Juzi mmoja wenu ameniambia ati amenunua soketi iliyopakwa dhahabu. Nikamuuliza, sawa kijana, hiyo dhahabu yako inapokea volti ngapi? Hajui. Amelipia dhahabu lakini hajui kinachopita ndani yake, na hajawahi kuwaza kwamba ni kitu cha kujua.

Mimi nimetengeneza redio na amplifaya mjini Kitale tangu nywele ziko nyeusi mpaka macho yakakataa kutofautisha kahawia na nyekundu kwenye rizista. Sasa nimestaafu, maana yake nafanya kazi ile ile bila kibao mlangoni. Nilidhani valvu nitazizika mimi. Zilipoingia redio ndogo za transista, watu walitupa valvu kwa choo. Leo mnakuja kutoka Eldoret na Nairobi kuzitafuta, mnaziita sauti ya joto. Ni joto kweli. Gusa uone.

Aliyenifundisha alikuwa Kalasinga mmoja, tulimwita Sardar tu. Mbele ya duka familia yake iliuza cherehani, nyuma yeye alitengeneza redio. Huyo mzee hakufungua kitu kabla hajauliza maswali. Na hakuuliza kitu kinaumwa nini, aliuliza unaishi wapi, jirani yako ni nani, anafanya kazi gani, anachomelea vyuma? Anasaga mahindi? Ana hoteli ya kuchemsha maji kwa stima? Wateja walimwona mmbea. Kuna mmoja alichukua redio yake akaondoka kwa hasira, akisema Sardar anamchunguzia mke. Sardar akacheka, akaniambia, "Amplifaya haizai stima. Inakula ile imepewa. Pima ukuta kwanza."

Nilipuuza, si nilikuwa kijana kama nyinyi. Ukuta ni ukuta, nilisema moyoni. Yeye pia alinionya nikichokonoa amplifaya ya valvu, mkono mmoja ukae mfukoni, kwa sababu kapasita zinaweka stima hata ukishachomoa waya. Siku stima iliponipiga nilijikuta nimekaa juu ya cherehani ya mteja. Nikalia kwamba hakuniambia. Akasema aliniambia jana, lakini jana sikuwa nimekuja na masikio.

Haya, sikieni jinsi ilivyo, nitasema kwa lugha rahisi. Ndani ya kile kioo cha valvu kuna waya mdogo unaopata moto, na kuna kibati kinachokula volti nyingi, mia tatu na zaidi. Vyote vinalishwa na transfoma moja, na transfoma haina akili ya kwake. Ukuta, yaani stima ya soketi yako, ukipanda kidogo, kila kitu ndani kinapanda kidogo. Ukuta ukishuka, waya haupati moto wa kutosha, sauti inalala, mwimbaji anakuwa kama anaimba na ugali mdomoni. Hiyo haiui leo, ingawa ukiendesha valvu ikiwa baridi miaka na miaka inazeeka vibaya. Ukuta ukipanda ndiyo hatari, kwa sababu mwanzoni ni utamu mtupu. Sauti inasimama, besi inaingia kifuani, mwenye nyumba anaita majirani waje wasikie. Kumbe kibati ndani kinaanza kuwa chekundu. Watu wanapenda sana amplifaya inayokaribia kufa.

Na nyuma ya nyingi za zamani kuna kidude cha kuzungusha kwa bisibisi, kimeandikwa 200, 220, 240. Kazi yake ni kuiambia amplifaya ukweli kuhusu ukuta wako. Ukiiambia 200 na ukuta una 260, umeidanganya, nayo itakuamini mpaka ife.

Sasa niwape habari ya Kamukuywa. Hii si hadithi ya wakati wa mkoloni, ni juzi juzi tu, nikiwa karibu kufunga duka. Kulikuwa na dalali wa mahindi anaitwa Simiyu, mtu wa tumbo na kofia, aliyenunua amplifaya nzuri ya valvu kwa familia fulani ya Kihindi iliyokuwa ikifunga duka lao Kitale kufuata watoto ng'ambo. Akaiweka barazani kwake, mahali anaponunulia mahindi, na kila mchana akapiga rumba za zamani. Wakulima walioteremka kutoka huko Cheptais walifika wamechoka, wakisikia gitaa wanatikisa kichwa, na mtu anayetikisa kichwa haangalii mizani. Kwa hivyo ile amplifaya haikuwa starehe, bana. Ilikuwa mfanyakazi. Jioni haikupigwa, kwa sababu mkewe alikuwa na sheria kwamba jua likizama na rumba izame.

Simiyu akaanza kuniletea valvu zilizokufa. Nabadilisha, najaribu pale dukani, inaimba vizuri, anaenda. Baada ya muda anarudi, zimekufa tena. Kila ikirudi naona kile kidude cha nyuma kiko 200. Narudisha 240, namwambia asiguse. Ikirudi, 200. Nikamuuliza nani anazungusha. Akaniambia labda ni panya.

Mara ya mwisho alikuja bila kuniuliza sababu, sababu alikuwa nayo. Alisema amechunguza na ameona valvu zinakufa siku ya Jumamosi tu, na Jumamosi ndiyo siku jirani yake anaenda kuomba. Jirani mwenyewe ni Mama Nekesa, mjane Msabato, mwenye posho mill, yaani kinu cha kusagia mahindi, iliyopakana na ukuta wa Simiyu. Ati huyo mama anachukia rumba. Ati anapiga magoti kanisani na kuombea moto ushuke juu ya amplifaya ya watu. Nilicheka. Yeye hakucheka, na nikagundua hiyo habari ameshaitembeza soko lote.

Wiki haikuisha Mama Nekesa mwenyewe akaja dukani kwangu, na leso yake imefungwa vizuri kichwani, akakaa kwenye stuli ya wateja. Hakulia. Aliniambia watu wameacha kuleta mahindi kwake. Wanapita mlangoni na debe kichwani, wanaenda kusaga mbali, kwa sababu nani anataka kula unga wa mchawi? Kile kinu ndicho kitu pekee marehemu mumewe alichomwachia, na ndicho kinalisha watoto. Akaniomba niende nione.

"Fundi," akasema, "kama maombi yangu yana nguvu ya kuunguza chuma, si ningeanza kwa kuombea hili goti langu?"

Hapo ndipo nikakumbuka Sardar na maswali yake. Jirani anasaga mahindi, na mimi miaka yote hiyo nimekuwa nikimfundisha kila mtu apime ukuta kwanza, na ukuta wa Simiyu sikuupima. Nikafunga duka Ijumaa, nikachukua mita, nikashuka Kamukuywa.

Kinu kilikuwa kinazunguka, kwa sababu bado kulikuwa na wateja wachache wasioogopa. Nikachomeka mita kwenye soketi ya barazani kwa Simiyu. Volti mia mbili na tano. Mama Nekesa alipozima mashine kufunga mkanda uliokuwa umelegea, mita ikaruka mia mbili sitini na mbili. Akawasha, ikaanguka tena. Sikuhitaji kuendelea, lakini nililala Kamukuywa makusudi, na Jumamosi asubuhi mama akiwa kanisani na kinu kimenyamaza, ukuta ukakaa mia mbili sitini na mbili kama mtu aliyekaa kwake.

Nikauliza huku na huku nikaelewa yote. Watu walio mbali kwenye ile laini walikuwa wamelalamika kwamba kinu kikisaga balbu zao zinakuwa nyekundu, hazimuliki. Basi fundi mmoja wa laini alikuja akapandisha volti pale kwenye transfoma ya nguzo, kinu kisagapo wote wapate angalau kitu. Alifanya vizuri kwa siku ambazo kinu kinasaga. Ile siku ya Sabato hakuiwaza, kwa sababu alikuja Jumanne. Naye Simiyu, kusikia sauti imelala siku za kazi, akawa anazungusha kidude mpaka 200, sauti ikaamka, akafurahi. Halafu Jumamosi mama anaenda kumtukuza Mungu, stima yote inabaki kwa Simiyu, na amplifaya imeambiwa ukuta ni mia mbili. Hata ingekuwa ya chuma kitupu ingeungua.

Nikamwita Simiyu aje aone kwa macho yake. Nikafunga mapazia, kidude nikakiacha 200, nikawasha. Rumba ikatoka tamu ajabu. Nikamwonyesha ndani ya kioo, kile kibati kikianza kuwa chekundu polepole, kama jembe kwa mhunzi. Nikazima haraka. Nikamweleza kinu, nguzo, kidude, yote, kwa utulivu, maana nilikuwa najisikia mwalimu. Simiyu akasikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Kwa hivyo ni yeye kweli," akasema.

Vijana, nilieleza tena. Akanishukuru sana kwa kuleta ushahidi. Akaenda kwa naibu wa chifu.

Baraza likaitwa Jumapili baada ya misa, ili mama asiseme ameonewa. Watu walijaa kuliko siku ya kugawa mbolea. Mimi nikaitwa kama mtaalamu, nikapewa kiti cha plastiki ambacho hakijavunjika, nikasimama na mita yangu nikafundisha. Nikawaambia stima ni kama maji ya bomba moja, jirani akifungua sana wewe unapata kidogo, akifunga wewe unapata kwa nguvu. Walielewa vizuri mno. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Naibu wa chifu akaninyooshea kifimbo.

"Fundi, jibu kwa ufupi. Huyu mama akizima mashine, kitu ya Simiyu inaungua?"

Nikasema ndiyo, lakini.

Hiyo lakini yangu ilimezwa na makofi. Tangu siku hiyo sijawahi kupenda kujibu kwa ufupi.

Sasa wazee wakaanza kutafuta suluhisho, na nyinyi mnajua wazee wakitafuta suluhisho linapatikana hata kama halijapotea. Wa kwanza akasema basi mama asage Jumamosi, ni hivyo tu. Mama akasema dini yake hairuhusu. Wa pili, mtu wa hekima nyingi, akasema si lazima asage, awashe tu mashine izunguke bila mahindi, maana kuzungusha chuma kitupu si kazi. Hapo wakagawanyika. Kundi moja likasema ni kazi, jingine likasema hata jua linazunguka siku ya Sabato na halijatengwa na kanisa. Katekista mmoja akajitolea ati mpwa wake ambaye ni Mkatoliki aje awashe, dhambi iwe ya mpwa. Mpwa hakuwepo kuulizwa. Nilisimama mara kadhaa kusema kidude kizungushwe tu kwenda 240 na yote yaishe, nikaambiwa nikae, mtaalamu ameshatoa ushahidi wake, mambo yaliyobaki ni ya utawala.

Mwishowe naibu wa chifu akasimama na kofia yake, akasoma uamuzi. Kinu kizunguke Jumamosi, kwa mahindi au bila mahindi. Mama akikataa, yeye naibu ataandika kwa wakubwa kinu kiondolewe kwenye laini, kwa usalama wa vyombo vya wananchi. Wananchi wenyewe, wengi wao, chombo chao cha stima kilikuwa balbu moja.

Nilikuja kumsaidia mjane, na mita yangu ndiyo imemfikisha hapo. Nikamtazama Mama Nekesa. Alikuwa amekaa na wanawake upande wa nyuma, wenzake wamesogea mbali naye kidogo. Akasimama, akashika goti lake, akasubiri wanyamaze.

"Siku sita nawanyima stima," akasema. "Balbu zenu zinakuwa nyekundu, redio zenu zinakohoa, na hakuna mtu ameniita kwa baraza. Siku moja nikipumzika nawaachia yote, ndiyo mnaniita mchawi. Mimi Sabato siwashi. Kateni."

Akakaa. Nasema ukweli, nilitaka kupiga makofi lakini mkono ulikuwa mzito. Hata mzee wa kuzungusha chuma kitupu aliangalia viatu vyake. Naibu wa chifu akakohoa, na kwa sababu hakuna mtu serikalini anayependa kurudi nyuma mbele ya watu, akatangaza kwamba jambo hili linahitaji kamati ndogo ichunguze zaidi na kutoa ripoti. Kamati ikachaguliwa pale pale, ikaomba chai pale pale. Kinu kilikuwa kimepona mpaka kamati imalize, na mama alijua kamati ikimaliza vibaya hakuna kingine cha kushika.

Sikurudi Kitale. Niliona nikiwaachia kamati, wataniita tena nikatoe ushahidi, na ushahidi wangu tayari nimeuona unavyotumika. Nikaenda barazani kwa Simiyu na bisibisi. Nikarudisha kidude 240. Halafu nikachukua kipande cha bati, nikakata, nikafunika kile kidude kwa skrubu mbili, nikazisaga vichwa visishikike tena. Katikati ya ukuta na amplifaya nikaweka stabilaiza niliyoagiza Kitale, kifaa cha kusawazisha volti, ili mama akisaga ipandishe, akipumzika ishushe. Na hapa sikieni vizuri nyinyi wa dhahabu: stabilaiza msinunue ile inayotosha kwa shida. Chukueni kubwa kuliko mnavyohitaji, na msiamini ile saa yake ya usoni, pimeni inachotoa kwa mita yenu wenyewe. Kuna zingine zinatoa uongo kwa taa ya kijani.

Simiyu alinisimamia nyuma muda wote. Aliangalia kile kipande cha bati, akakigusa kwa kidole.

"Fundi, hii ni kinga?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nikafikiria. Ningeweza kurudi kwenye nguzo, laini, bomba la maji. Nilikuwa nimechoka, vijana. Nikamwambia ndiyo, ni kinga, na ukiifungua mambo yatakurudia mwenyewe. Na kwa kweli sikudanganya sana. Akaitikia kwa heshima ambayo hakuwahi kunipa nilipokuwa nasema kweli.

Jumamosi iliyofuata nilikaa pale barazani tangu asubuhi, mita mkononi, roho juu. Kinu kimya, mama kanisani. Ukuta mia mbili sitini na mbili. Stabilaiza ikalia tak, tak, ikatoa mia mbili thelathini na nane. Nikachungulia kwenye vioo vya valvu, vibati vimekaa vyeusi, vinapumua bila haraka. Rumba ikapigwa mchana kutwa, na watu wakawa wanapita mmoja mmoja kuona kama itaungua. Haikuungua. Jua likazama, mke wa Simiyu akazima, na Simiyu akanikumbatia hadi nikasikia harufu ya magunia.

Wiki ikaisha habari imeshaenea. Ati baraza limemkemea mchawi akalegea. Ati naibu wa chifu ana mkono mkali. Ati yule fundi mzee wa Kitale si fundi tu, ana kinga za huko kwao. Kamati ikatoa ripoti kwamba imefaulu. Na wanawake wakarudi kwa Mama Nekesa na madebe yao, foleni mpaka barabarani, wakisalimia kwa furaha kana kwamba hawajawahi kupita mlango ule wakitazama upande wa pili. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kinu nikinywa chai yake, nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba sasa huyu mama ameombewa, hana neno.

Damu ikanipanda. Nikaweka kikombe chini, nikachukua mita yangu, nikainuka. Nilitaka kuwaita wote, niwapimie ukuta mbele ya macho yao, niseme hapakuwa na mchawi, hapakuwa na mkono mkali, hapakuwa na kinga, kulikuwa na volti tu. Mama Nekesa alikuwa anamimina mahindi kwenye mdomo wa kinu. Aliniona, akaja, unga umemjaa kope, akanishika mkono wenye mita akaushusha taratibu.

"Keti, Fundi," akasema. "Ukweli wako nusura unifungie kinu. Uongo wako umenifungulia. Kunywa chai, hawa wana njaa."

Nikaketi, nikanywa chai, na kinu kikaendelea kusaga.